Akrabu Haijui Iko Wapi: Kwa Wanaotaka Kuunda Saa ya Mota

Tangu niweke picha ya ubao wa saa za swala niliouunda, simu yangu haitulii. Ujumbe ni ule ule: "Kaka, maashallah, nami nataka kuunda saa ya mota, ninunue nini?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la pili, na hilo la pili ndilo lenye kazi. Hebu niwajibu nyote hapa kwa mpigo mmoja.

Watu wa Mombasa mnazijua zile mbao za msikitini: saa ndogo tano zisizotembea, Alfajiri hadi Isha, na mwadhini huzisogeza akrabu, ile mishale ya saa, kwa kidole. Akisahau, ubao wasema lake na adhana yasema lake. Huku kwetu nyakati hazichezi sana, lakini zinacheza. Mwanzoni mwa Novemba jua hupinduka karibu saa sita na dakika tano. Katikati ya Februari ni saa sita na dakika thelathini na tano. Nusu saa nzima hiyo! Nikajiuliza, mbona akrabu zisijisogeze zenyewe?

Nilipolipeleka wazo, mmoja wa wakubwa wa kamati ya msikiti alinikata mbele za watu. Hayo ni michezo ya watoto, akasema, madukani kumejaa saa za tarakimu nyekundu, zanunuliwa na kutundikwa, basi. Watu wakacheka. Simtaji, lakini kicheko kile nakisikia mpaka leo. Kijana wa mtaani akisema "nitaunda" huonekana amepungukiwa. Akisema "nitaagiza" huonekana amesoma. Tutaliacha lini hili, jamaa zangu?

Haya, vifaa. Kila saa ndogo ina mota moja ya hatua, yaani inayozunguka hatua kwa hatua, ile rahisi iitwayo 28BYJ-48 ya volti 5, na kibao chake cha kuiendesha chenye chipu ya ULN2003. Programu inakaa ndani ya Arduino, kompyuta ndogo ya kuamuru mota. Wakati unatoka kwa DS3231, kipande cha kutunza saa chenye betri yake ndogo ya duara, kinachokosea kama dakika moja tu kwa mwaka hata stima ikikatika. Gia za kuunganisha akrabu ndefu na fupi nilizitoa kwenye saa kuukuu za ukutani, na ubao nikakatiwa na seremala wa Majengo. Kuchora nambari, kupaka rangi, kuvuta nyaya, hayo mtayaweza, nayaruka.

Sasa lile swali la pili: akrabu itajuaje iko wapi? Jibu ni kwamba haijui. Mota ya hatua ni kama kipofu anayehesabu hatua kutoka mlangoni kwake. Mradi ameanzia mlangoni na hakusukumwa njiani, hapotei. Ukiiamuru hatua mia, inapiga mia na kunyamaza. Akrabu ikigusa uso ikapoteza kumi, yenyewe haina habari.

Na hata isipokwama, hesabu mliyopewa si sahihi. Kila mahali mtaambiwa mzunguko mmoja ni hatua 2048. Ifungueni mota mhesabu meno ya gia kama nilivyofanya mimi: 32 kwa 9, 22 kwa 11, 26 kwa 9, 31 kwa 10. Gawanya kisha zidisha, utapata 63.68, wala si ile 64 inayotajwa. Zidisha kwa hatua 32 za mota ya ndani, mzunguko kamili ni hatua 2038 kasoro kidogo. Mtu atasema hatua kumi ni nini? Ifunge mota hiyo kwenye akrabu ndefu ya saa inayotembea: kila saa itakimbia mbele sekunde 18, na siku ikiisha ni dakika saba. Swala imeshaingia ubaoni, mbinguni bado.

Kwa hivyo ipeni akrabu nyumbani. Nilibandika kisumaku chini ya kila akrabu, na nyuma ya uso wa plaiwudi nyembamba nikaweka sensa za sumaku, yaani vihisi vinavyoitikia sumaku ikipita, moja karibu na kitovu, nyingine mbali, zisichanganyane. Stima ikirudi, na stima yetu mnaijua, akrabu zinazunguka taratibu mpaka sensa zote mbili ziitikie. Hapo ndipo sifuri. Kisha zinahesabu kwenda kwenye wakati wa swala. Gia hizi pia zina ulegevu: ukigeuza mwelekeo, mota hupiga hatua kadhaa na akrabu imetulia tuli. Basi ifikisheni kila mara kutoka upande mmoja. Ikibidi irudi nyuma, ipitilize kidogo halafu isogee mbele.

Ikifika, zimeni umeme wa mota. Gia zenyewe zinaishika akrabu nyepesi, na mota haichemki. Sogezeni mota moja moja, chaja ya simu itatosha. Akrabu iwe nyepesi, mkia ulingane uzani na ncha. Nyaya zilehemuni, msizisokote tu, maana hewa ya bahari itazila. Na pimeni wenyewe, vijana. Pimeni! Msiamini karatasi ya muuzaji, msiamini video, msiniamini hata mimi. Anayeuliza "ninunue nini" kabla ya "nitapimaje" atamaliza pesa abaki na sanduku la mota.

Mzee mmoja aliniuliza kama zaweza kuonyesha saa kwa Kiswahili, Magharibi isomeke kumi na mbili badala ya sita. Kwenye hesabu ni jambo dogo, akrabu fupi inageuka nusu mzunguko tu, ingawa kwa gia zangu ile ndefu lazima izunguke mara sita. Nimemwekea kitufe nyuma. Mwadhini amenikataza kukibonyeza.

Ubao uko ukutani sasa na unafanya kazi. Yule mkubwa hajasema neno. Huswali safu ya kwanza, ubao uko mbele ya macho yake, na bado hutazama saa yake ya mkononi. Sawa. Msikiti wa mtaa wa pili wameshauliza bei. Nimewaambia nusu mbele, nusu siku ya kutundika, na seremala wamlipe wenyewe.