Kesi ya MTA na serikali kuu ya Marekani: aliyetoa kibali anaweza kukifuta?

Mkuu umeuliza kwa nini MTA, mamlaka ya usafiri wa umma ya New York, iligoma kuzima kamera za tozo ya magari yanayoingia katikati ya jiji wakati wizara ya uchukuzi ya Marekani iliyotoa kibali imeshakifuta. Usianzie kwenye zile dola 9 za tozo, anzia kwenye makaratasi.

Barabara zilizopata fedha za serikali kuu ya Marekani kwa kawaida haziruhusiwi kutozwa. Upenyo uliotumika ni mpango wa majaribio wa kutoza ili kupunguza foleni, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1991, na mkataba wake na New York ulisainiwa 21 Novemba 2024. Tozo ikaanza 5 Januari 2025, kwa magari yanayoingia Manhattan kuanzia mtaa wa 60 kwenda kusini.

Tarehe 19 Februari waziri wa uchukuzi Sean Duffy akamwandikia gavana wa New York kwamba kibali kimefutwa, kwa hoja mbili: dereva hana njia ya kuingia eneo lile bila kulipa, na kiwango kimepangwa kutafutia usafiri wa umma mapato kuliko kupunguza foleni. MTA ikafungua kesi siku hiyohiyo, kamera zikiwa zinafanya kazi. Hapo walicheza vizuri sana, maana tozo hiyo ndiyo ya kulipia mikopo ya dola bilioni 15 za treni na mabasi.

Wengi wanapotea hapa: mahakama hupima sababu zilizoandikwa kwenye barua ya uamuzi. Sababu nzuri zaidi ikipatikana baadaye haiiokoi barua ile. Ndiyo maana waraka wa ndani wa mawakili wa serikali, uliopakiwa kimakosa kwenye faili la kesi Aprili 2025, uliuma. Walikuwa wanaishauri wizara kwamba hoja za barua ni dhaifu, bora ihamie kwenye kanuni ya ruzuku inayoruhusu kusitisha makubaliano yasiyoendana tena na vipaumbele vya serikali. Wizara ikawaondoa kwenye kesi.

Serikali ilijaribu pia kusema huu ni mgogoro wa mkataba tu, uende mahakama maalumu ya madai. Jaji Lewis Liman, anayesikiliza kesi hiyo, hakukubali. Tarehe 28 Mei, siku ambayo wizara ilitishia kuanza kuzuia fedha na vibali vya miradi, akatoa zuio la muda. Zuio hilo halikumaliza kesi. Lilifunga mikono ya wizara isiadhibu New York wakati hoja zinaendelea kusikilizwa.