Vidagaa vya Mazeras: ni omena au samaki wa mbu?

Swali: Salaam aleikum, mwalimu. Mwanangu amevua samaki sita kwa kipande cha chandarua kwenye kijito huko Mazeras. Wana urefu wa kidole changu cha mwisho, wanang'aa kama fedha, na mmoja ana doa jeusi karibu na mkia. Jirani asema ni omena, mwengine asema ni samaki wa kula mbu. Picha nimekuletea. Nitawajuaje? (Msomaji, Changamwe)

Jibu: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Omena waondoe kabisa. Kwao ni Ziwa Victoria na maji yaliyoungana nalo. Wale wa sokoni Kongowea wamefika kwa gunia, wakavu.

Rangi iache kwanza. Samaki wengi wa maji baridi wakiwa wadogo hung'aa hivyo hivyo, na doa laweza kufifia samaki akishakufa. Picha yako imepigwa kwa juu, nami nahitaji ubavu. Mtie mmoja kwenye gilasi nyembamba yenye maji safi, weka rula nyuma yake, umtazame mdomo.

Samaki wa mbu, yaani Gambusia, mdomo wake umeelekea juu, mkia ni wa mviringo, na pezi la mgongoni limekaa nyuma sana. Dume ana pezi la chini lililochongoka kama kijiti, maana jamii hii huzaa watoto hai. Asili yake ni Marekani, akapelekwa nchi nyingi ale viluwiluwi vya mbu.

Ukiona mkia wa panda, pezi moja fupi katikati ya mgongo, na sharubu nyembamba pembeni mwa mdomo, huyo ni wa jamii ya Enteromius. Zamani waliitwa Barbus, na vitabu vingi bado vimebaki na jina hilo. Sharubu hizo ni ndogo mno; tumia kioo cha kukuzia, uhesabu kama ni jozi moja au mbili. Kisha pitisha ukucha taratibu nyuma ya mwiba wa pezi la mgongoni. Ukikwaruza kama msumeno, na sharubu ni jozi mbili, wa kwanza nitakayemfikiria ni Enteromius paludinosus. Mwiba ukiwa laini, itabidi tuhesabu magamba ya mstari wa ubavuni, toka kifuniko cha matamvua hadi shina la mkia. Kazi hiyo yachosha macho, lakini ndiyo itoayo jawabu.

Ukiona pezi refu la mgongoni lenye miiba, na doa jeusi upande wake wa nyuma, huyo ni mtoto wa tilapia.

Nipigie picha ya ubavu mchana, kivulini. Akifa mmoja, mtie kwenye spiriti, uandike kwa penseli jina la kijito na tarehe, umpeleke KMFRI, yaani taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi ya Kenya, hapo Mkomani. Walio hai mwanao awarudishe kijito kile kile, si kingine: samaki akihamishiwa maji mageni huweza kuwamaliza waliomo.