Fundi Anajibu: Hiyo Michoro kwenye Cherehani ni ya Nini?

Nimenunua cherehani ya umeme. Usoni ina picha 23 za mishono na sijui nianzie wapi. (Morogoro)

Anza na miwili tu, ulionyooka na zigizaga. Iliyobaki karibu yote ni watoto wa hiyo miwili. Sindano inakwenda kushoto na kulia, meno ya chini yanasogeza kitambaa mbele na mara nyingine kukirudisha nyuma. Miendo hiyo ikichanganywa ndipo unapopata majani, mawimbi na maua. Kwa hiyo, kabla hujahangaika na picha, zoea vitufe viwili: cha urefu na cha upana wa mshono. Urefu wa milimita 2.5 unatosha kitenge na sare za shule. Kwenye ncha ya kola shuka hadi 1.5. Ukipandisha hadi 4 au zaidi, unapiga bandi ya kufumua baadaye.

Muuzaji anapenda kusifia wingi wa picha. Mimi ningemuuliza upana. Cherehani nyingi za nyumbani zinaishia milimita 5 au 7, na ua la milimita 5 kwenye dera pana halionekani hata na aliyekaa jirani yako.

Shikamoo fundi. Nashona fulana za watoto kwa kitambaa cha kuvutika. Mtoto akiingiza kichwa tu, uzi wa shingoni unakatika. (Tanga)

Marahaba. Kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki, na mshono ulionyooka hauna akiba ya kutosha. Shingo ikipanuka, uzi ndio unaolipa. Weka zigizaga nyembamba: upana 0.5 hadi 1, urefu 2.5. Ukiutazama kwa mbali utadhani umenyooka, lakini vile vikona vidogo ndivyo vinavyofunguka mtoto anapovaa. Mashine nyingi zina na picha inayofanana na radi, kazi yake ni hiyohiyo.

Sindano nayo ibadilishe. Tafuta ya ncha butu, ile inayopita kati ya nyuzi za kitambaa badala ya kuzitoboa. Mshono ukiruka hatua, badilisha sindano kwanza kabla hujaita mtu wa kutengeneza. Kwenye pindo la chini, sindano pacha inafanya kazi nzuri: juu unaona mistari miwili iliyonyooka, chini uzi wa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, unakwenda zigizaga, kwa hiyo pindo linavutika bila kukatika.

Ukishona suruali ya kuchezea, pale katikati ya miguu tumia mshono wa mara tatu, unaokwenda mbele hatua mbili na kurudi moja. Hakikisha kwanza vipimo viko sawa, maana kuufumua ni adhabu.

Nikipiga mshono wa majani kwenye ukingo wa mtandio, kitambaa kinakunjamana na uzi wa chini unachungulia juu. (Kisumu)

Hayo ni matatizo mawili. Kukunjamana kunatokana na mishono iliyosongamana kuvuta kitambaa kutoka pande zote, na kitambaa chepesi hakina nguvu ya kukataa. Weka kitu chini yake. Karatasi nyembamba inatosha. Ukimaliza, ichane taratibu huku kidole gumba kimeshikilia mshono usivutike nayo.

Uzi wa bobini ukichungulia, legeza mkazo wa uzi wa juu. Kama kirungu kiko 4, jaribu 3, kisha 2. Geuza kitambaa uangalie: kwenye mapambo, uzi wa juu unatakiwa uonekane kidogo upande wa chini, wa chini usionekane juu hata chembe.

Kisha fungua futi, kile chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano, ulipindue. Futi la mapambo lina mfereji kwa chini ili uvimbe wa mshono upite. Futi la kawaida ni bapa. Nyuzi zinakwama hapo, kitambaa hakisogei, na unajikuta na donge badala ya jani. Wala usikivute kitambaa kwa nyuma kukisaidia, majani yatarefuka.

Jaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kilekile, kimekunjwa vilevile, chini yake karatasi ileile. Kipande cha kitambaa kingine hakikuambii lolote.

Cherehani yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga, ya marehemu bibi. Inashona mstari tu. Nikubali yaishe? (Pemba)

Usikubali. Mstari huo ni mshono uleule ambao Elias Howe alipewa hataza yake Marekani mwaka 1846: nyuzi mbili zinazokutana katikati ya kitambaa. Una mambo mengi ya kufanya nao.

Kwanza, uzi mnene. Ule wa kudarizi usiopita kwenye tundu la sindano uzungushe kwenye bobini kwa mkono, kisha legeza kidogo skrubu ya kasha lake. Ukiweza, nunua kasha la pili kwa kazi hii ili lile la kila siku lisivurugike. Laza kitambaa uso ukiangalia chini na ushone kwa kufuata mchoro uliouchora mgongoni. Ukigeuza, uzi mnene uko usoni.

Pili, nakshi huru. Toa futi, shusha meno au yafunike kwa kibati, na ubane kitambaa kwenye fremu ya duara. Sasa sikiliza: hata kama futi halipo, ile wenzo ya kulishushia lazima uishushe. Isiposhuka, uzi wa juu hauna mkazo na chini utapata kiota cha nyuzi. Kanyaga kwa mwendo mmoja, sogeza fremu polepole, vidole vikae mbali na sindano.

Kama huna haraka, mistari sambamba iliyopigwa karibukaribu kwenye shingo na mikono ya kanzu inapendeza kuliko maua mengi ya mashine ninayoyaona siku hizi.

Kila nikihamia zigizaga sindano inavunjika. (Nakuru)

Umeacha futi la mshono ulionyooka, lenye tundu dogo, na sindano inagonga chuma. Weka lenye tundu pana, kisha zungusha gurudumu kwa mkono uone sindano inashuka pande zote mbili bila kugonga futi. Na unapobadilisha mshono, sindano iwe juu, nje ya kitambaa.

Zigizaga inatosha badala ya ovaloki, ile mashine ya kuziba ukingo usifumuke? (Dodoma)

Kwa nguo za nyumbani, ndiyo. Sindano ishuke mara moja ndani ya kitambaa na mara moja nje kidogo ya ukingo. Nguo ya mteja anayelipa ipeleke kwa mwenye ovaloki.

Pindo la suruali lisiloonekana napigaje kwa mashine? (Mombasa)

Tafuta picha yenye hatua chache zilizonyooka kisha jino moja linalochomoza pembeni. Kunja pindo, kisha likunje tena kwa nyuma mpaka ukingo ubaki nje kama nusu sentimita. Mistari ipite kwenye ukingo huo, jino liguse mkunjo kwa uzi mmoja au miwili tu. Ukiona vidoti usoni, punguza upana. Kwa kitenge usijisumbue, piga mstari wa kawaida, maua ya kitenge yataumeza.