Kiduha kinajuaje kwamba umepanda mahindi?

Mkuu, umeuliza imekuwaje kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kipotee miaka miwili uliyolima pamba, halafu msimu huu umerudisha mahindi nacho kimejaa shamba zima. Mimi nalima Shinyanga, na kuna mwaka kiduha kiliniacha bila gunia hata moja, kwa hiyo nakujibu kwa urefu.

Mbegu zake zilikuwepo muda wote. Mche mmoja unazaa maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi, na zinakaa ardhini hata zaidi ya miaka 10. Mvua ikinyesha bado hazioti, mpaka zipate homoni (kemikali ya mmea) iitwayo strigolaktoni. Mahindi huitengeneza mizizini kutokana na karotini, jamii ya ile rangi ya karoti. Sehemu yake hupanda shinani kuzuia machipukizi ya pembeni, kazi iliyokuja kujulikana mwaka 2008. Sehemu nyingine hutolewa nje ya mizizi kuwaita kuvu wa udongoni, ambao huuletea mmea fosforasi. Ardhi ikichoka, mmea huita kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo kiduha kinaponufaika kwetu sisi wenye mashamba yaliyochoka. Mbegu yake ina vipokezi vinavyoinasa homoni hiyo hata ikiwa kidogo mno. Ikishainasa, inaota, nayo ina siku chache tu za kuufikia mzizi ulio milimita chache kutoka hapo. Ikiukosa, inakufa.

Sasa pamba. Mizizi yake nayo hutoa homoni ya jamii hiyo. Ya kwanza kabisa kutambuliwa, mwaka 1966, ilitoka kwenye pamba. Lakini kiduha hakiwezi kuishi kwa pamba. Kwa hiyo miaka yako miwili haikupotea: mbegu ziliamshwa zikafa, ila akiba ya ardhini ni kubwa kuliko misimu miwili. Mimi nilirudia pamba misimu mitatu na kumwaga samadi ya ng'ombe kila mwaka ndipo nikaona nafuu.

Kosa langu lilikuwa kusubiri. Nilikuwa naking'oa kikiwa na maua ya zambarau na kukilaza mpakani, kumbe mbegu zinaendelea kukomaa palepale. Tena ukikiona juu, chini kimeshanyonya sana. Kwa mwaka huu pita shambani kila wiki, ng'oa kabla hakijachanua, na chenye maua tia kwenye mfuko ukakichome nje ya shamba.