Kipi hutangulia, mikono au moyo?

Wiki hii mmetuuliza neno kumbatia limetoka wapi, na kama kumkumbatia mtu ndiko kumkubali. La asili halinisumbui: ni neno la Kibantu. Wachewa wa Malawi husema kumbatira. Ndugu zake hapa kwetu ni kamata, fumbata na pakata, yote ya kushika. Kubali tumelipata kwa Waarabu. Basi jibu langu lilikuwa tayari: mikono mbali, moyo mbali. Magazeti yakiandika kwamba kiongozi “anakumbatia wala rushwa”, hakuna anayesifiwa hapo.

Lakini kilichonichoma ni kutaka kujua kipi hutangulia.

Binamu yangu aliolewa na Mkristo, shangazi akaapa kwamba mlango wake pale Tanga asiukanyage. Bibi alipofariki, siku ya hitima binti akaja, mume nyuma yake, mtoto begani. Shangazi alikuwa uani, juu ya mbuzi, anakuna nazi za wali. Wanawake wote tukanyamaza. Akainuka, akamkumbatia kwa mikono ile ile iliyojaa nazi, baibui likachafuka mabegani. Akamwambia, “Umekonda,” akarudi kwenye mbuzi yake. Jina la mtoto hakuuliza. Mkwe alikula barazani na baba zangu wadogo, ndani hakuitwa. Nilikasirika mno. Niliona lile ni kumbatio la msiba, la macho ya watu, na jioni tukiosha masufuria nilimwambia binamu hivyo hivyo. Akanijibu, “Dada, mimi limenitosha.” Idi iliyofuata shangazi mwenyewe akapiga simu: mkwe aje, na mjukuu aletwe ampakate.

Nikiyaandika haya naona mikono ilitangulia, moyo ukafuata kwa mwendo wake. Pengine bila mikono ile moyo usingefika kabisa. Kwa hiyo nasema ndiyo, kukumbatia ni kukubali, hata kama aliyekumbatia mwenyewe hajawa tayari kukiri. Ila nazungumzia mzazi na mwanawe. Tusimsukume mke aliyepigwa, wala mtoto aliyeumizwa, akamkumbatie aliyemtenda eti ndiyo suluhu. Huko moyo haufuati, na anayelazimishwa anaumizwa mara ya pili. Na wala rushwa wabaki bila wa kuwakumbatia.