Mguu mmoja wa mzazi umevimba: uchovu au damu imeganda?

SWALI: Shikamoo daktari. Wifi yangu alijifungua kwa upasuaji siku 11 zilizopita. Tangu juzi mguu wake wa kushoto umevimba hadi pajani, una joto na unamuuma. Wa kulia hauna neno. Mama yangu ndiye anayemuuguza, na anasema hiyo ni kawaida ya wazazi, anaukanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Mimi nahofia damu kuganda. Je, mzazi anaweza kupata tatizo hilo? Na dawa zake hazitamdhuru mtoto anayenyonya?

JIBU: Marahaba. Mpelekeni leo, na mguu huo usikandwe tena. Msiishie dirisha la dawa kununua za maumivu. Nendeni hospitali yenye ultrasaundi inayoweza kuangalia mishipa ya damu ya mguu.

Mama yako hajakosea kwamba wazazi huvimba miguu. Lakini uvimbe wa kawaida huja miguu yote miwili, na hupungua mtu akilala. Wa wifi yako ni mguu mmoja, una joto na unauma. Tena ni wa kushoto. Pale nyonga, vena inayorudisha damu ya mguu wa kushoto hupita chini ya ateri (mshipa wa kupeleka damu) iendayo mguu wa kulia na hubanwa kwenye uti wa mgongo. Mimba ikikua, inabanwa zaidi. Ndiyo maana mabonge ya damu ya wajawazito mengi mno hutokea kushoto, na mara nyingi huanzia juu, pajani au ndani ya nyonga, si kwenye shavu la mguu.

Mwili wa mjamzito huifanya damu iwe rahisi kuganda ili asivuje sana siku ya kujifungua. Hali hiyo haiishi mtoto akizaliwa. Hatari hupanda mara nne hadi tano wakati wa mimba, kisha hupanda zaidi katika wiki 6 baada ya kujifungua, hasa zile za mwanzo. Wanaopatwa ni takriban mmoja au wawili katika kila mimba 1,000, kwa hiyo si jambo la kila nyumba. Upasuaji huongeza uwezekano, hasa wa dharura. Vivyo hivyo kupoteza damu nyingi, maambukizi, kifafa cha mimba, unene na sikoseli.

Wazee wetu waliweka arobaini, na kwa hesabu ya siku wamepatia kabisa. Ninachogombana nacho ni kumlaza mzazi kitandani siku zote hizo. Aamke, atembee ndani ya nyumba, anywe maji ya kutosha.

Kuhusu kukanda: bonge lililokaa kwenye vena linaweza kung'oka likaenda kwenye mapafu. Akianza kukosa pumzi ghafla, kifua kumchoma anapovuta hewa, kukohoa damu au kuzimia, msingoje kuche. Mweleze mama yako hilo kwa upole. Anamtakia mema mkwewe.

Hospitali wakipima damu kipimo cha D-dimer, kinachotafuta dalili za bonge, mjue kwamba kwa mzazi huwa juu hata kama hana bonge. Ultrasaundi ndiyo itakayosema.

Sasa dawa. Watu huziita za kuyeyusha damu, ingawa kazi yake hasa ni kuzuia bonge lisikue wakati mwili wenyewe unaliyeyusha. Sindano za heparini, kama enoksaparini, huchomwa chini ya ngozi ya tumbo. Hazivuki kondo la nyuma, kwa hiyo hata wajawazito huzitumia, na mtoto anayenyonya hazimdhuru. Warfarini ni hatari kwa mimba, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, lakini anayenyonyesha anaweza kuimeza, mradi apimwe damu mara kwa mara kurekebisha dozi. Rivaroksabani, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda, haifai akiwa ananyonyesha, hata jirani akimpa zilizobaki kwa nia njema.

Matibabu hayapungui miezi 3. Uvimbe ukiisha asiache. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni asiviguse. Kitanzi cha shaba hakiongezi hatari ya damu kuganda. Akishika mimba nyingine, alitaje jambo hili siku ya kwanza kliniki na liandikwe kwenye kadi, maana huenda akahitaji sindano za kinga tangu mwanzo wa mimba.