Kitabu kilininyima usingizi, filamu ikamlaza mume wangu

Yaya wa Sinema anajibu barua za wasomaji, Lubumbashi

SWALI: Yambo Yaya. Mtoto wa dada yangu aliniazima kitabu La Fille du train (The Girl on the Train) cha Paula Hawkins. Nilikimaliza kwa siku tatu, nikaunguza bukari (ugali wetu) mara mbili kwa sababu yake. Juzi tukapata filamu yake, tukakaa kuiangalia na mume wangu. Yeye alisinzia kabla ya nusu, na mimi nikabaki naangalia saa. Hadithi ni ile ile, watu ni wale wale. Basi kilichoharibika ni nini? Na kwa nini waliitoa London wakaipeleka New York? Tena nieleze: mtu akilewa mpaka asahau, kumbukumbu zinaweza kumrudia kweli kama zilivyomrudia Rachel, yule mlevi wa kitabuni? Mama wa Katuba.

JIBU: Mama wa Katuba, asante kwa barua. Wasomaji wengine ambao hawajaiona waniwie radhi, waruke mpaka barua ya pili, maana siwezi kujibu bila kumtaja muuaji.

Filamu hiyo ya 2016 si mbovu. Ni ya kati. Iligharimu kama dola milioni 45 na ikaingiza zaidi ya milioni 170 duniani, kwa hiyo watu walikwenda kuiona. Emily Blunt, aliyecheza Rachel, aliteuliwa kwa BAFTA, tuzo ya sinema ya Uingereza, na mimi nasema alistahili. Mtazame anavyotembea akiwa amelewa na hataki watu wajue: polepole mno, kila hatua ameipima. Mlevi wa sinema mara nyingi huyumbayumba. Mlevi wa kweli anayejificha hunyooka kupita kiasi.

Kilichopotea ni sauti. Kitabuni wanawake watatu, Rachel, Megan na Anna, kila mmoja anasema "mimi", na juu ya kila kipande pana tarehe, asubuhi au jioni. Megan anasimulia kuanzia mwaka mmoja nyuma ya wenzake, na bila shaka wewe pia ulikuwa unarudisha kurasa kuangalia tarehe. Rachel akisema hakumbuki, na wewe msomaji huna kitu. Mko wawili gizani. Kwenye filamu huna ukurasa wa kurudisha, na kibaya zaidi, picha huaminiwa. Jicho likishaona, limeona. Filamu inakuonyesha Rachel akifanya fujo, baadaye inakuambia haikuwa hivyo, na badala ya kushtuka unahisi umedanganywa. Halafu wanaume wa kushukiwa kumuua Megan ni watatu tu: Scott mume wake, daktari wake Kamal, na Tom, aliyekuwa mume wa Rachel. Wawili wa kwanza wanashukiwa mapema na kwa kelele nyingi. Mtazamaji mzoefu ameshahesabu kabla hajamaliza karanga zake. Mume wako alihesabu, akalala.

Kuhusu New York, hapo nina uchungu wangu. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na utoto wangu wote likizo tulipanda treni kwenda Kamina kwa bibi. Unajua treni yetu: inatambaa, inasimama porini, watu wanashuka kununua makala (makaa) na kuku, wanapanda tena. Inapopita nyuma ya nyumba unaona lupango, ua wa nyumba ya mtu, kama uko ndani. Karibu na kuingia Likasi palikuwa na mama mmoja, kila mara nilimkuta kibarazani, sinia la mchele mapajani, anachagua mawe. Safari moja sikumwona, kiti chake kilikuwepo na sinia juu yake, nikalia mpaka baba akauliza nani amenipiga. Nilikuwa nimeshampa jina, watoto, na mume anayefanya kazi mgodini.

Kitabu kinasimama juu ya jambo hilo hilo. Treni mbovu ya London inasimama karibu kila siku kwenye taa yenye hitilafu, nyuma ya nyumba zilizobanana na reli, na Rachel anawapa majina Jess na Jason watu asiowajua. Ukaribu ule ndio unaomtia wazimu. Filamu imeihamishia kwenye reli inayofuata mto Hudson, majumba makubwa, miti mingi, kila kitu safi. Ni pazuri kutazama, lakini dhiki ya kubanana imeondoka. Pesa ilikuwa ya Hollywood na soko la kwanza ni Marekani. Sioni sababu ya hadithi yenyewe kuhitaji kuhama. (Ukitaka kujua, huyo Paula Hawkins amezaliwa Harare mwaka 1972, akahamia London akiwa na miaka 17. Reli yetu ya Sakania, ukiifuata kusini kupitia Ndola na Bulawayo, inafika mpaka kwao.)

Sasa swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa.

Pombe ikipanda haraka kichwani, sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya huacha kufanya kazi, ingawa mtu anatembea, anaongea, hata anapika. Ikiacha kabisa, hakuna kilichohifadhiwa, na kisichohifadhiwa hakirudi, hata ukipita mahali pale mara mia. Ikiacha kwa vipindi, hubaki vipande, na neno au harufu inaweza kuvivuta. Rachel tumpe hivyo vipande. Lakini jinsi vinavyomrudia vyote mwishoni, kwa mpangilio, muuaji na sura yake, huo ni msaada wa mwandishi kwa mhusika wake.

Pale ambapo filamu imesema kweli ni mahali pengine. Shimo la kumbukumbu halikai tupu, mtu hulijaza. Tom alilijaza la mkewe kwa miaka: ulinipiga, ulinitia aibu kwa mkubwa wangu, ni kwa ajili yako nimefukuzwa kazi. Halafu kwenye treni Rachel anakutana na Martha, mke wa yule mkubwa, anamwomba msamaha, na Martha anamshangaa. Msamaha wa nini? Hukufanya kitu. Tazama uso wa Blunt hapo. Haonyeshi furaha wala hasira. Ni kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyokaa miaka yote haikuwahi kuwepo.

Mimi sikuweza kuendelea, nilisimamisha filamu. Tulipokuwa wadogo, jirani yetu alikunywa lutuku, pombe kali ya kienyeji, na asubuhi mume wake alimhesabia makosa kwa sauti, majirani wote wasikie. Yeye alifagia tu, ameinama. Siku moja aliniita kwenye ua wa matete, nilikuwa na miaka tisa hivi, akaniuliza polepole: "Mwanangu, ni kweli jana nilimtukana mama mkwe?" Mimi nilikuwa nimelala saa ile. Sikusikia kitu. Nikamjibu, "Ndiyo, mama," kwa sababu mume wake alikuwa amesema. Akashika ufagio wake, akaendelea. Mpaka leo naona ule ufagio, ulikuwa mfupi, umefungwa na mpira mweusi wa baiskeli.

Kwa hiyo mama, mwamshe mume wako, mwonyeshe sehemu ya Martha peke yake. Mengine anaweza kulala.

SWALI: Yaya, hapa kwetu Kenya, komini ya Lubumbashi, vijana wanauza filamu ya Kihindi yenye jina lile lile. Ni tafsiri au ni nyingine? Na nianze na kitabu au na filamu? Mwanafunzi, komini ya Kenya.

JIBU: Mdogo wangu, ni nyingine, ya 2021, Parineeti Chopra ndiye anayecheza yule mlevi. Hao waliirudisha London, lakini wamebadilisha mwisho, na mabadiliko yenyewe yamenishinda kuyaamini. Anza na kitabu. Usikubali mtu akusimulie, hasa mama wa Katuba.